Mikono Minne Kwenye Kiti cha Meno

Kibao chenye picha ya gego jeupe si jambo la kushangaza tena katika miji ya Afrika Mashariki. Kukitafuta Kampala, Nairobi au Dar es Salaam si kazi ya mchana mzima, na hata miji midogo ya wilaya imeanza kuwa nacho, aghalabu juu ya duka la dawa au ubavuni mwa benki. Hali haikuwa hivyo siku zote. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970 kijana wa nchi hizi aliyetaka kuwa daktari kamili wa meno hakuwa na budi kwenda kusoma ugenini. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kufundisha fani hiyo mwaka 1974, Dar es Salaam, penye hospitali ya Muhimbili, ikafuata mwaka 1979, na Makerere mwaka 1982. Tangu hapo madaktari wamezidi kutoka vyuoni, wakaingia katika hospitali za serikali, na wengi wao, mara moja au nyingine, wakafikiria kufungua chumba chao wenyewe.

Kutundika kibao ni jambo moja. Kukifanya kidumu ni jambo jingine. Si ajabu chumba cha meno kufunguliwa kwa shangwe, kiti kikiwa bado kimevikwa nailoni ya kiwandani, kisha baada ya miaka michache mlango ukawa na kufuli, mashine zimeuzwa kwa bei ya hasara na mkopo haujaisha. Watu husema, "Hakuwa na mkono mzuri." Mara nyingi kauli hiyo si ya haki. Chuoni daktari hufundishwa jino kwa undani: mishipa yake, mizizi yake, magonjwa yake, na dawa za ganzi. Hafundishwi sana mintarafu ya mtu aliyelibeba jino hilo, wala msaidizi anayesimama upande wa pili wa kiti, wala daftari la mapato na matumizi. Ajabu ni kwamba mambo hayo yasiyofundishwa ndiyo mgonjwa anayoyaona. Ubora wa shimo lililozibwa hawezi kuupima. Atalijua baada ya miaka, kama halikuanguka. Lakini anajua kama aliamkiwa alipoingia.

KELLS WA NEW ORLEANS

Katika historia ya kazi hii pana mtu mmoja anayestahili kukumbukwa na kila anayetaka kufungua chumba. Jina lake ni C. Edmund Kells, naye alikuwa daktari wa meno katika mji wa New Orleans, kusini mwa Marekani. Alizaliwa mwaka 1856 na kufariki mwaka 1928.

Wakati Kells alipoanza kazi, daktari wa meno alikuwa mtu wa peke yake. Alichonga, alichanganya dawa ya kuziba, alishika taa, alimfuta mgonjwa mate, alipokea fedha na kufagia sakafu. Mwaka 1885 Kells alimwajiri mwanamke awe msaidizi wake, jambo ambalo wenzake waliliona geni. Akaweka dirishani tangazo kwamba ndani yupo mwanamke anayehudumu. Sababu ilikuwa wazi: katika desturi za mji ule mwanamke mwenye heshima hakuweza kuingia peke yake katika chumba cha daktari mwanamume, ilimpasa kufuatana na mume au ndugu. Tangazo lile likaondoa kizuizi hicho. Kwa hatua moja tu Kells alipata mkono wa pili wa kazi, na tena alifungua mlango kwa nusu ya wakazi wa mji, ambao hapo awali walikuja kwa shida au hawakuja kabisa.

Wapo watakaosema kwamba hilo ni jambo la zamani na la mbali. Lakini katika miji yetu wapo akina mama wengi, hasa wazee na wale wa vijijini, wasiopenda kulala chali mbele ya mwanamume wasiyemjua hali mlango umefungwa. Hawasemi. Huahirisha tu miadi hadi jino linapooza. Daktari mwenye msaidizi wa kike anayejua kusalimu kwa lugha ya nyumbani amekwisha kuondoa nusu ya tatizo kabla hajagusa koleo.

Zaidi ya adabu, msaidizi ni jambo la ufundi. Katika mwaka 1957 ilianza kuuzwa mashine ya kuchonga jino inayoendeshwa kwa hewa, ambayo huzunguka mara laki kadhaa kwa dakika. Kasi hiyo huleta joto kali linaloweza kuua kiini cha jino, kwa hiyo mashine hurusha maji yapoze wakati ikichonga. Maji hayo hujaa kinywani kwa nukta chache. Daktari aliye peke yake hana budi kusimama, kumwinua mgonjwa ateme, kumlaza tena, kutafuta upya mahali alipoachia, kisha kuanza tena. Msaidizi mwenye bomba la kunyonya maji mkono mmoja, na mkono mwingine ukikabidhi kifaa kinachofuata, huufanya muda wa kazi kuwa mfupi na mdomo wa mgonjwa kutochoka. Ndiyo sababu katika miaka ya 1960 wataalamu walianza kufundisha kile walichokiita utabibu wa mikono minne: daktari ameketi, msaidizi ameketi, mgonjwa amelala, na hakuna anayenyoosha mkono mbali.

Hapa ndipo madaktari wengi wanaoanza hukosea hesabu. Hununua kiti cha thamani, kisha wakaokoa fedha kwa kumchukua msaidizi yeyote kwa ujira mdogo, bila mafunzo wala mkataba. Msaidizi huyo huondoka baada ya miezi sita, mara tu anapoanza kuzijua zana kwa majina. Anayemfuata huanza upya. Kiti hakiondoki, lakini kiti hakijui kwamba Mama Fulani huzimia akiona sindano, au kwamba mzee wa mtaa wa pili anatumia dawa ya kufanya damu kuwa nyepesi na asing'olewe jino kabla ya kuulizwa habari za dawa hiyo. Msaidizi aliyekaa miaka kumi anayajua yote hayo. Mshahara wake mzuri ni gharama ndogo kuliko mashine yoyote iliyomo chumbani.

Kells anakumbukwa pia kwa jambo la huzuni. Mionzi ya eksirei iligunduliwa mwishoni mwa 1895, naye mwaka 1896 alikwisha kuanza kuitumia kupiga picha za meno, akiwa miongoni mwa wa kwanza kabisa duniani. Ili kuirekebisha mashine kabla ya kazi aliuweka mkono wake mwenyewe mbele ya mionzi, siku nenda siku rudi, kwani hatari yake haikujulikana. Vidole vikaingia saratani. Alipasuliwa mara nyingi, akakatwa vidole, hatimaye mkono. Hata hivyo katika miaka yake ya mwisho alisimama imara dhidi ya mtindo uliokuwa umeenea wa kung'oa meno mazima kwa dhana kwamba ndiyo chanzo cha maradhi ya mwili wote, wengine wakitumia picha za eksirei kama ushahidi. Kells, aliyekuwa ameitoa mikono yake kwa ajili ya eksirei, aliona ni aibu kubwa chombo hicho kitumike kuwapokonya watu meno yasiyo na ubaya. Daktari anayekataa kung'oa jino linaloweza kuponywa hupoteza malipo ya siku hiyo. Ni vigumu kufikiri tangazo lolote linaloweza kulinganishwa na habari hiyo inaposimuliwa sokoni na mgonjwa mwenyewe.

WOGA WA KITI

Nchi zetu zina ugumu wake. Wagonjwa wengi hawaji kwa daktari wa meno ila baada ya kukosa usingizi usiku kadhaa, wametumia karafuu, chumvi, dawa za kutuliza maumivu na ushauri wa majirani. Wanapofika husema neno moja: "Nitolee." Hawakuja kutibiwa jino, wamekuja kuachana nalo. Na kwa kuwa jino lenye usaha haliitikii dawa ya ganzi vizuri, wengi huondoka na kumbukumbu ya maumivu, wakawasimulia watoto wao, na watoto wakarithi woga kabla hawajauona mlango wa daktari.

Daktari anayefahamu mzunguko huu huukata kwa mazoea madogo. La kwanza ni subira baada ya sindano. Ganzi ya taya la chini huhitaji dakika kadhaa kushika sawasawa, na foleni iliyo nje humshawishi daktari asingoje. Aliye makini hulijaribu jino kwanza, humwuliza mgonjwa, na kama bado linauma huongeza dawa badala ya kumwambia avumilie. La pili ni kukubaliana ishara: "Ukiinua mkono wa kushoto, nitaacha." Mgonjwa aliyepewa uwezo wa kusimamisha kazi huutumia mara chache sana, lakini aliyenyimwa huushika mkono wa daktari katikati ya kazi, na hapo ndipo ajali hutokea. La tatu ni kusema kabla ya kutenda: sasa utasikia mgandamizo, sasa utasikia maji, sasa mlio. Mtoto huambiwa hivyo hivyo kwa maneno yake, wala hadanganywi. Wazazi wanaomwambia mtoto "Hutachomwa" ilhali atachomwa humharibia daktari kazi ya miaka, na ni vema wazazi walijue hilo kabla ya kutoka nyumbani.

Baada ya kung'oa jino, donge la damu linalofunga shimo ndilo kinga ya kidonda. Mgonjwa huambiwa ang'ate pamba au shashi kwa nusu saa hivi, asisukutue siku hiyo, asivute sigara, asinyonye kwa mrija. Maji ya chumvi yaanze siku ya pili. Asiposikia, donge hutoka, mfupa hubaki wazi, na kati ya siku ya pili na ya nne huanza maumivu makali kupita yale ya jino lenyewe. Mtu huyo husema kwamba daktari amemharibu. Wako madaktari ambao humpigia simu kila waliyemng'oa jino, jioni ya siku ile na tena siku ya tatu. Simu hiyo huchukua dakika mbili. Kama kidonda kimekauka, mgonjwa huitwa, shimo huoshwa na kutiwa dawa, na maumivu hupungua upesi. Yule ambaye angekwenda kulaumu mtaani sasa huleta mkewe na jirani yake.

VYOMBO VIONEKANE

Wagonjwa wa leo huuliza usafi wa vyombo, na wanayo haki. Virusi vya homa ya ini aina ya B huambukizwa kwa damu kidogo mno, na tangu UKIMWI ulipojulikana katika miaka ya 1980 hakuna daktari wa meno anayeweza kufanya kazi bila glavu na kuzibadili kwa kila mgonjwa. Kuchemsha vyombo katika sufuria, kama ilivyokuwa desturi zamani, hakutoshi: vijidudu vingine hujivika ganda na kuustahimili mchemko. Kinachotakiwa ni mtungi wa mvuke wa shinikizo, ambao Mfaransa Charles Chamberland aliubuni mwaka 1879, na ambao hutia joto la nyuzi 121 za sentigredi kwa robo saa au zaidi. Kichwa cha mashine ya kuchonga nacho kinahitaji kuingia humo, maana huvuta mate na damu ndani yake. Kukifuta kwa spiriti ni kujidanganya.

Mwenye busara hafichi kazi hiyo nyuma ya pazia. Huweka vyombo katika mifuko iliyofungwa, kisha huifungua mbele ya macho ya mgonjwa. Naye mwenyewe na wasaidizi wake, pamoja na anayefua mashuka na kumwaga taka, huchanjwa chanjo ya homa ya ini, ambayo imekuwapo tangu miaka ya mwanzo ya 1980. Mfagiaji ndiye husahauliwa, naye ndiye achomwaye na sindano iliyotupwa ovyo.

ANAYEZUIA UGONJWA HATAKOSA KAZI?

Swali hili huulizwa kwa kejeli, lakini lina jibu katika historia. Alfred Fones alikuwa daktari wa meno katika mji wa Bridgeport, jimbo la Connecticut. Mwanzoni mwa karne ya ishirini aliona kwamba wagonjwa aliowasafisha ukoga na utando mara kwa mara meno yao yalidumu. Muda wa kuwasafisha wote peke yake hakuwa nao. Basi mwaka 1906 akamfundisha msaidizi wake, Irene Newman, kuifanya kazi hiyo. Baadhi ya madaktari walinung'unika: iweje mtu asiye daktari atie chombo kinywani mwa mgonjwa? Fones hakurudi nyuma. Mwaka 1913 alifungua shule ya kuwafundisha akina mama kazi hiyo, katika banda la magari lililokuwa ubavuni mwa ofisi yake. Mwaka uliofuata wahitimu waliingia katika shule za watoto za Bridgeport, wakasafisha meno na kufundisha kupiga mswaki, darasa baada ya darasa. Irene Newman alipata leseni ya kazi hiyo mwaka 1917, naye alikuwa wa kwanza duniani.

Kinyume cha hofu ya wenzake, Fones hakukosa wagonjwa. Mgonjwa anayekuja mara mbili kwa mwaka kusafishwa, huku meno yake ni mazima, ni mgonjwa wa maisha, na huwaleta watoto. Anayekuja kung'olewa tu ana safari chache: kila jino likienda, amepungua.

Katika Afrika Mashariki kazi ya kuzuia ina sura zake. Gego la kwanza la kudumu huota mtoto akifikia umri wa miaka sita, nyuma ya meno yote ya utoto, bila jino lolote kung'oka mbele yake. Kwa sababu hiyo wazazi wengi hudhani nalo ni la utoto na kwamba likioza litabadilika. Halibadiliki. Ni miongoni mwa meno yanayotoboka mapema zaidi. Daktari anayekwenda shule ya msingi iliyo karibu naye mara moja kwa muhula, akiwa na kioo kidogo na karatasi ya kuwaandikia wazazi, atayaokoa meno hayo kwa mamia, na wazazi watajua chumba chake kiko wapi bila kibao.

Kisha yako yale "meno ya nailoni", au ebiino kama yaitwavyo Uganda. Mtoto mchanga akiwa na homa na kuhara, ufizi mahali pa chonge huonekana umevimba na mweupe, na bibi hudai kwamba ndani mna jino bovu kama mnyoo. Huitwa mtu mwenye kisu au spoku ya baiskeli, naye huchokoa chembe changa ya jino bila ganzi wala usafi. Mtoto hupata maambukizo, hupoteza damu, mara nyingine hufa kwa maradhi ya kuhara yaliyoachwa bila tiba. Aliyepona hukua akiwa na pengo au jino lililopinda. Uvimbe ule ni wa kawaida, ni chonge inajiandaa. Daktari kijana huwa mwepesi wa kuwakemea kina bibi. Kukemea hakujaokoa mtoto hata mmoja. Walioona matunda ni wale waliokaa chini, wakamwonyesha bibi ufizi wa mtoto mwingine mzima wenye uvimbe ule ule, wakampa mama maji ya chumvi na sukari ya kumnywesha mgonjwa, na kumwelekeza zahanati kwa ajili ya homa. Bibi aliyeelewa huwa na sauti kubwa kijijini kuliko redio.

Pia daktari hana budi kuyajua maji ya mahali pake. Kando ya Bonde la Ufa, toka Arusha hadi sehemu nyingi za Kenya na Uganda, maji ya visima na chemchemi mara nyingi yana floridi kupita kiasi cha miligramu 1.5 kwa lita kilichopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na meno ya watoto huota yakiwa na madoa ya kahawia. Kijana mwenye madoa hayo huambiwa na wenzake kwamba hapigi mswaki. Atakuja chumbani kwa aibu, mkono umefunika mdomo. Kumweleza kwamba ni maji, wala si uchafu, ni tiba ya kwanza. Kuyapaka meno ya mbele kifuniko cheupe ni ya pili.

FEDHA

Kanuni hapa ni chache na wengi huzijua bila kuzifuata. Bei itajwe kabla mgonjwa hajafumbua kinywa, tena iandikwe. Ugomvi wa fedha katika vyumba vya meno huanza pale mtu aliyekuja na fedha za kung'olewa anapoambiwa, hali ganzi imekwisha kushika, kwamba afadhali mzizi usafishwe kwa malipo mara tano. Hata kama ushauri ni sahihi, atahisi ametegwa. Fedha za chumba zisichanganywe na fedha za nyumbani. Daktari ajilipe mshahara kama anavyomlipa msaidizi. Akiba ya matengenezo iwekwe tangu mwezi wa kwanza, maana kompresa haifi siku ya mapumziko, na kipuri chake aghalabu husafiri kutoka nchi ya mbali. Anayeanza kwa kiti kimoja kilichotumika, na mkopo mdogo, hulala usingizi; anayeanza kwa viti vitatu vipya huamkia benki.

MGONGO NA UPWEKE

Kazi ya meno huwala waifanyao. Kuinama juu ya kinywa saa saba kwa siku, shingo imepinda upande mmoja, huleta maumivu ya mgongo, mabega na vidole ambayo huwastaafisha madaktari kabla ya umri wao. Kuketi vizuri, kiti cha mgonjwa kikiinuliwa hadi kimo cha kiwiko, kubadili namna ya kazi, kung'oa kisha kusafisha kisha kuziba, na kusimama dakika chache kati ya mgonjwa na mgonjwa, si anasa. Miadi iliyopangwa nayo ni kinga ya mgongo. Foleni isiyo na saa humfanya daktari akose chakula cha mchana, na mikono yenye njaa hutetemeka.

Upweke hausemwi sana. Daktari wa hospitali kubwa ana mwenzake chumba cha pili wa kumwuliza. Aliye peke yake mjini, mzizi ukimvunjikia ndani ya taya saa kumi na moja jioni, ana ukuta. Walio na hekima hujifunga na wenzao mapema. Huingia katika chama cha madaktari wa meno cha nchi yao, hubadilishana namba za simu na mpasuaji wa taya wa hospitali ya mkoa, na hawaoni haya kumwandikia mgonjwa barua ya kwenda kwa mwingine anayeweza zaidi. Mgonjwa aliyetumwa vizuri hurudi kwa aliyemtuma.

Wenzake pia ndio humpasha habari, maana kazi hii hubadilika. Mchanganyiko wa zebaki na fedha uliokuwa ukizibia meno kwa zaidi ya karne moja unaondolewa hatua kwa hatua kwa mujibu wa Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013. Mwaka 2022 nchi wanachama zilikubaliana usitumiwe kwa watoto walio chini ya miaka 15, wajawazito na wanaonyonyesha, ila pale daktari anapoona ni lazima. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliingiza katika orodha yake ya dawa muhimu dawa ya meno yenye floridi, dawa ya majimaji ya fedha na floridi inayopakwa juu ya jino lililooza na kuuzuia uozo usiendelee, na saruji ya meno inayojishika yenyewe bila mashine. Asiyekutana na wenzake huendelea kuagiza alichofundishwa chuoni, akashangaa mgonjwa aliyesoma gazeti anapojua kumzidi.

Na si kila jambo jipya linatoka ng'ambo. Katikati ya miaka ya 1980, nchini Tanzania, Mholanzi Jo Frencken na wenzake katika shule ya meno ya Dar es Salaam walitafuta njia ya kutibu meno mahali pasipo na umeme wala maji ya bomba. Walichukua vyombo vya mkono tu, wakakwangua sehemu laini iliyooza, wakaacha ile ngumu, kisha wakajaza shimo kwa saruji ya meno na kuisukuma kwa kidole. Mara nyingi haikuhitaji hata sindano, na mtoto aliyekuwa akilia kwa mlio wa mashine alikaa kimya. Shirika la Afya Duniani liliitangaza njia hiyo kwa nchi zote mwaka 1994, ambao Siku ya Afya Duniani, tarehe 7 Aprili, ilihusu afya ya kinywa. Leo hutumika hata katika nchi tajiri kwa watoto waoga na wazee wasioweza kutoka kitandani.

Kwa daktari wa mji wa wilaya njia hiyo ina faida ya pekee. Umeme ukikatika saa tatu asubuhi na watu kumi wako barazani, yule anayetegemea kompresa huwarudisha nyumbani na nauli zao zimepotea. Aliyeizoea kazi ya mkono humwambia msaidizi asogeze kiti karibu na dirisha, achanganye saruji, na amwite wa kwanza. Siku za mnada huweza pia kuvichukua vyombo vyake katika mkoba mmoja, pamoja na mtungi mdogo wa mvuke unaowekwa juu ya jiko la mkaa, meza ya kukunja na mto wa kulaza kichwa, wakapanda basi wawili, yeye na msaidizi wake, hadi kwenye zahanati ya tarafa ambako mganga mkuu amekwisha kuwaandikisha watoto na kuwapanga kwa madarasa.